Waini moja, chupa moja, glasi mbili zinanuka tofauti. Tatizo liko wapi?

kaunta_areaD

Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma, nasimamia kaunta kwenye mgahawa mdogo, tunauza chakula na waini za hapa hapa, nyekundu kavu, nyeupe, na ile tamu ambayo watu wanaipenda sana. Kuna jambo linaninyima raha naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Nafungua chupa mbele ya wateja, namimina glasi mbili, mmoja anasema iko poa, mwenzie anakunja uso anasema inanuka. Nikichukua ile glasi nikanusa mwenyewe kweli nakuta kuna kaharufu, siku nyingine ka sabuni, siku nyingine ka boksi lililokaa stoo, na kuna siku ilikuwa shombo kabisa, shombo ya samaki kwenye waini nyeupe jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Na chupa ni ile ile moja!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu anaondoka anasema "waini za Dodoma ndo zilivyo". Wakulima wa Hombolo na Makutupora wanahangaika na zabibu misimu miwili kwa mwaka, huku jua kule dawa, alafu mtu anakuja kuhukumu jasho lao sababu ya glasi yangu kama kweli ni glasi.

Hali halisi ni hii: vyombo vinaoshwa nyuma na vijana wa jikoni, sinki ni moja, maji ni ya kisima yana chumvi si mnayajua maji ya huku, sabuni ni ya unga au ya kipande inategemea siku hiyo kuna nini. Glasi zinafutwa na kitambaa alafu tunazipanga kichwa chini kwenye kabati la mbao zisiingie vumbi.

Sasa naomba kujuzwa, je ni glasi kweli au ni waini? Na kuna mtu kaniambia glasi ya waini haitakiwi kuguswa na sabuni kabisa, ni kweli?

MzeeWaMeza

Mkuu pole, na umefanya jambo la maana kunusa mwenyewe badala ya kubishana na mteja. Ni glasi. Chupa moja haiwezi kutoa waini mbili kwa dakika moja.

Mimi nimehudumia meza za hoteli miaka mingi, Arusha na baadaye Unguja, na kabla hatujaruhusiwa hata kushika kizibuo tulifundishwa kunusa glasi tupu. Kuitazama kwenye taa haitoshi, glasi inaweza kung'aa kama kioo cha dukani na bado inanuka. Ingiza pua mpaka ndani uvute pumzi taratibu. Glasi safi hainuki kitu chochote, hata hiyo harufu tunayoiita ya usafi haitakiwi iwepo, ukisikia limau ni sabuni, ukisikia mbao au rangi ni kabati, ukisikia boksi ni lile boksi zilimokuja na hazikuoshwa vizuri, ukisikia kama mbwa kalowa ni kitambaa. Jifunze hizo nne tu utakuwa unajua pa kwenda kuanzia.

Na usishangae kwamba bilauri za maji zinaoshwa hapo hapo na hakuna anayelalamika. Glasi ya waini mdomo wake umebana kidogo makusudi, na tunamimina theluthi tu ili sehemu ya juu ibaki tupu ikusanye harufu, alafu mteja anaizungusha, waini inapanda inaosha kuta zote za ndani, yaani chochote kilichoachwa pale kinachotwa kinaletwa puani. Umbo lile halichagui, linakusanya harufu ya zabibu na linakusanya na ya sabuni vile vile. Na sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni pua inafanya kazi, ndo maana mtu mwenye mafua anakula pilau anaona kama anakula wali mweupe.

Kwenye maelezo yako naona matatizo matatu ya haraka.

Kabati. Ukiipindua glasi juu ya ubao umeifungia hewa humo ndani, hewa ile inakaa na mbao, vanishi, vumbi la zamani, siku nzima au wiki nzima. Zisimamishe wima, au zining'inize kwa miguu kwenye reli pale juu ya kaunta kama unaogopa vumbi, mbali na moshi wa jikoni tafadhali. Za kabatini zitoe mapema kabla ya huduma uzisuuze kwa maji ya uvuguvugu.

Kitambaa. Hiki ndo adui mkubwa kuliko vyote na hakuna anayekishuku. Kama kile kile kimefuta sahani za samaki wa Mtera mchana, jioni kinaenda kwenye glasi, hiyo shombo yako umeipata hapo. Na ukikifua na sabuni yenye marashi makali nayo inahamia. Glasi ziwe na kitambaa chake, cha pamba au kitani, kifuliwe peke yake, kisuuzwe sana, kikauke juani kabisa, kikiwa na unyevu tu ndo hiyo harufu ya mbwa.

Sinki. Kama ni moja basi glasi zitangulie, sahani zifuate, sufuria mwisho. Sponji ya glasi isiguse kitu kingine. Hili ni la kuelewana na vijana, sio gharama.

kijana_wa_Kisasa

Huyo aliyekwambia usitumie sabuni yuko sahihi kabisa, maji ya moto yanatosha. Mi kwangu natumia maji ya moto tu na glasi ziko safi. Sabuni ndo inaharibu kila kitu.

dada_maabara

Kijana wa Kisasa kwako nyumbani inawezekana, unakunywa mwenyewe, unaosha pale pale. Mgahawani haiwezekani na ntaeleza kwa nini. Glasi inarudi ina lipstiki, ina mafuta ya vidole vya mtu aliyekula kuku, ina mate. Lipstiki ni nta na mafuta, maji peke yake hayaigusi, ukipitisha maji ya moto inalainika alafu kitambaa kinaitandaza glasi nzima na hapo sasa umeipaka vizuri. Na mafuta yakikaa yanachacha, harufu yake inakuwa mbaya kuliko hiyo sabuni mnayoikimbia. Afya ya wateja nayo ipo. Kwa hiyo sabuni itumike, ila iwe sabuni gani, kiasi gani, na isuuzwe vipi, hapo ndo penye kazi.

Sabuni ya kipande kwenye maji ya chumvi ya Dodoma ni ndoa mbaya. Hayo maji yana kalsiamu nyingi, kalsiamu ikikutana na sabuni ya kipande inatengeneza utando wa kijivu usioyeyuka, ule ule unaouona pembeni ya beseni la kufulia. Utando huo unashika kwenye glasi, na unashika pamoja na marashi ya sabuni. Juu yake maji yakikauka yanaacha chokaa nyeupe, ukungu fulani hivi, ukipitisha kidole unasikia kama inakwaruza. Kioo chenyewe hakinyonyi harufu, tofauti na kikombe cha plastiki, kwa hiyo harufu yoyote unayoisikia inatoka kwenye kitu kilichokaa juu ya kioo, na hiyo chokaa ina vitundu vidogo vinavyoificha vizuri sana.

Alafu waini ina uchachu, pH yake (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali) iko kama 3 mpaka 4, sabuni ya kipande na ya unga ziko upande wa pili kabisa, kwenye 9 au 10 kwenda juu. Jaribu kitu hiki uone kwa macho: chukua glasi yenye masalia ya waini nyekundu, weka maji yenye sabuni ya unga, utaona wekundu unageuka bluu ya kijivu pale pale. Ile rangi ya ganda la zabibu ndivyo ilivyo, kwenye uchachu ni nyekundu, kwenye magadi inakwenda bluu. Masalia ya sabuni yaliyobaki kwenye glasi ni kidogo hayawezi kubadilisha rangi ya waini nzima, ila pua haihitaji kingi, na ulimi nao unasikia uchungu na kautelezi fulani ambako hakakutakiwa kuwepo.

Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na harufu au yenye harufu hafifu, tone moja kwenye sponji iliyolowa, sio kumimina ndani ya glasi. Suuza kwa maji yanayotiririka, ndani, mdomoni na kwa nje pia maana mdomo wa mteja unagusa nje. Beseni la kusuuzia vyombo mia halisuuzi chochote, baada ya glasi chache lile beseni lenyewe ni maji ya sabuni.

Kuondoa chokaa tumia siki nyeupe, changanya na maji ya uvuguvugu, loweka glasi dakika kadhaa, chokaa inayeyuka yenyewe, alafu suuza mpaka siki isisikike kabisa, maana harufu ya siki kwenye glasi mteja atadhani waini imechacha. Siki hiyo hiyo, au limao, inasaidia na shombo, kinachonuka kwenye samaki ni aina ya amonia na uchachu unakifunga kisiruke.

Na hili nalisema kwa msisitizo, msichanganye siki na jiki hata siku moja. Inatoa gesi ya klorini, inaunguza mapafu, imeshaumiza watu majikoni. Waambie na vijana wako.

kaunta_areaD

Aisee asanteni sana, sikutegemea maelezo ya namna hii. Dada maabara nimejaribu ile ya kugeuka bluu nimewaita vijana wote waone, wamebaki midomo wazi, na sasa hivi naona hata maelezo yameingia bila kugombana.

Sasa nitajuaje kwamba glasi imetoka safi bila kunusa moja moja? Jumamosi tunajaza meza zote sitapata muda huo.

MzeeWaMeza

Huwezi kunusa zote, unanusa chache kutoka kila trei, ikinuka moja trei nzima inarudi. Vijana wakijua hivyo wenyewe wanakuwa makini.

Kwa mafuta kuna kipimo cha watu wa bia. Lowesha glasi kwa maji, kung'uta, nyunyiza chumvi laini ndani. Penye usafi chumvi inashika sawasawa, penye mafuta haishiki, inaacha mabaka. Au tazama tu maji yanavyoshuka baada ya kusuuza, kwenye glasi safi yanashuka kama pazia moja, kwenye mafuta yanakatika katika yanabaki matone. Ila angalia, hii inakamata mafuta tu, utando wa sabuni hauonyeshi. Kwa sabuni weka maji ya uvuguvugu kidogo, ziba mdomo kwa kiganja kisafi, tikisa kwa nguvu. Viputo vikipasuka mara moja iko sawa, vikikaa kaa pembeni rudisha ikasuuzwe.

Na waini yenyewe inakwambia. Ukiizungusha yale machozi yanayoshuka kwenye kuta yanatokea kwa sababu pombe inaruka haraka kuliko maji, kinachobaki juu kinavuta waini nyingine ipande alafu inashuka kwa matone. James Thomson aliandika habari zake mwaka 1855, ni jambo la kale. Kwenye glasi ya mafuta hayo machozi hayaji kwa mpangilio, waini inakatika inashika hapa inaacha pale. Mhudumu mzoefu anaona akiwa bado amesimama mezani.

kaunta_areaD

Nimefanya ya chumvi sasa hivi kwenye glasi zilizokuwa kabatini. Chini na katikati chumvi imeshika vizuri, juu karibu na mdomo imedondoka karibu yote, kama mkanda umezunguka glasi. Yaani pale pale mtu anapoweka mdomo na pua.

dada_maabara

Hapo ndo pa lipstiki na vidole. Vijana wanaingiza sponji ndani wanazungusha chini kwa sababu ndo panaonekana rangi ya waini, mdomo unapita hivi hivi. Waonyeshe wabane mdomo wa glasi kati ya sponji, ndani na nje kwa pamoja, wazungushe glasi badala ya kuzungusha mkono. Na wakati wa kufuta wasishike kikombe kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine wakinyonga, shingo inavunjika na inakata vibaya.

Chebet_wa_Eldoret

Mimi naandika kutoka Kenya, nimependa sana huu mjadala juu umenikumbusha kwetu. Sisi mursik, yale maziwa yetu ya kuchacha, tunaitengeneza kwa kibuyu, sotet, na kabla ya kuweka maziwa kinasuguliwa ndani na mkaa wa mti wa senetwet. Ule mkaa unabaki, unapaka kuta za ndani, na ndio unapea maziwa ile rangi ya kijivu na ladha ya moshi. Ukikosea mti, ama kibuyu kikioshwa vibaya, mama yoyote atajua kwa kuonja mara moja. Kwa hivyo ile kitu imebaki kwenye chombo ni sehemu ya kinywaji, iwe ulitaka ama hukutaka. Kwa waini unataka isibaki kitu, sawa, lakini msichukulie kwamba mteja anajifanya akisema anasikia kitu. Anasikia.

mpenda_koki

Naongeza moja ambalo halijaguswa. Sio kila harufu ya boksi ni glasi, kuna chupa zinakuja nayo. Inaitwa TCA, trikloroanisoli, inatokea pale ambapo klorini imekutana na mbao au gome la koki, lile la kutengenezea vizibo vya chupa, na fangasi wakafanya kazi yao. Pua ya mtu inaikamata ikiwa nanogramu chache tu kwenye lita nzima, ni kidogo mno. Inanuka boksi lililoloana, stoo yenye ukungu, na ubaya wake zaidi ni kwamba inafunika harufu ya matunda, waini inakuwa bubu.

Kutofautisha ni rahisi. Mimina chupa hiyo hiyo kwenye glasi nyingine uliyoisuuza na kuinusa. Harufu ikipotea ni glasi, ikibaki na ikizidi kadiri waini inavyokaa ni chupa, mbadilishie mteja bila maneno. Chupa yenye tatizo hilo ni mara chache sana ukilinganisha na glasi chafu, lakini ipo, na chupa za kizibo cha kusokota nazo hazina kinga asilimia mia kwa sababu inaweza kuanzia kiwandani kwenye mapipa na mbao. Ndio maana viwanda vingi vya waini vimeacha kusafishia kwa klorini. Na wewe lile kabati usilipige jiki, ubao, unyevu na klorini ni vitu vitatu ambavyo havitakiwi kukaa pamoja karibu na waini. Lifute kwa maji na siki kidogo, liache wazi lipigwe na hewa.

Kingine, kama uko kwenye haraka na glasi huna uhakika nayo, weka waini kidogo, kijiko kimoja viwili, izungushe iguse kuta zote, imwage ndipo umimine ya mteja. Waitaliano wanafanya hivyo mezani kila siku na kile kidogo wanakipitisha glasi hadi glasi. Maji yaliyobaki ndani nayo yanatoka. Haiondoi mafuta ila sabuni hafifu na harufu ya kabati inapungua sana.

kaunta_areaD

Wakuu Mungu awabariki. Swali la mwisho, waini za mapovu. Wikiendi tunapata oda za harusi na send off, kuna glasi ukimimina mapovu yanapanda kama uzi mpaka juu, nyingine imelala kimya kama juisi. Hiyo nayo ni uchafu? Na bosi ananiuliza tununue mashine ya kuoshea.

dada_maabara

Hii inashangaza watu. Gérard Liger-Belair wa Chuo Kikuu cha Reims, kule Champagne Ufaransa, amechunguza mapovu hayo kwa kamera za kasi na alichokuta ni kwamba mengi yanaanzia kwenye vinyuzi vidogo sana vya pamba au vumbi vilivyoshika kwenye glasi. Kinyuzi kina tundu ndani, hewa inabaki humo, gesi iliyoko kwenye waini inaingia, inavimba, povu linachomoka, linafuata lingine. Glasi ikisafishwa maabara mpaka isiwe na chembe hata moja, waini inatulia, gesi imo lakini haina pa kuanzia. Ndo maana viwanda vingine vya glasi vinachora alama ndogo kwa leza pale chini.

Kwa hiyo iliyolala kimya inawezekana ni safi mno. Angalia juu sasa. Mapovu yakipanda kama kawaida alafu yakifika juu yanapasuka bila kuacha pete ya povu pembeni, hiyo ni lipstiki, mafuta ya karanga au sabuni, mafuta hayavumiliani na povu, hata bia ni hivyo hivyo. Glasi za harusi zifute kwa kitambaa cha pamba kisafi kikavu, hizo nyuzi kidogo kitakachoacha hazina harufu na zinakusaidia.

MzeeWaMeza

Mashine ni nzuri ila kwa maji yenu hakikisha ina sehemu ya kuweka chumvi ya kulainisha maji, bila hivyo ndani ya miezi michache glasi zote zitakuwa na ukungu, na ukungu wa kioo kilicholiwa na sabuni kali ya mashine hautoki kwa siki wala kwa kitu chochote. Sabuni ya mashine weka pungufu ya kiasi wanachoandika kwenye boksi. Isipakiwe glasi na sahani pamoja. Ikimaliza fungua mlango mara moja mvuke utoke, ukiuacha umefungwa harufu ya chakula inarudi kukaa kwenye glasi zikiwa za moto. Na usimimine waini kwenye glasi iliyotoka humo sasa hivi, joto linarusha pombe inachoma pua, nyeupe ndo inaharibika kabisa. Ziache zipoe wima kwenye trei na kitambaa chini.

Kama bosi hana hela ya mashine sasa hivi, mwambie anunue sinki la pili dogo na reli ya kuning'iniza, vyote fundi wa mtaani anaweza kuvifunga.